Sura ya Mama Basilisa na Kitufe cha Kusevu

Nyinyi vijana mliofungua vyumba vya picha na stesheni za kuchapa hapa Karatu, kuanzia barabara kuu mpaka huku sokoni, nawasalimu. Mimi nimestaafu, lakini macho yangu bado yako kazini. Nikipita mbele ya milango yenu husimama kutazama picha mlizobandika nje, na mara nyingi nafurahi. Mna kompyuta za maana, mna karatasi nzuri, mna kasi ambayo sisi hatukuwahi kuiota. Ila kuna siku nakuta uso wa mtu hapo mlangoni, mashavu yamegeuka vipande vya mraba, nywele zimekuwa ukungu, na roho inaniuma. Nikiuliza naambiwa, "Mama Sesilia, simu ya mteja ndiyo mbovu." Simu zinasingiziwa sana mji huu.

Sijaja kugomba. Nimeambiwa na wengi wenu niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu kazi hii imenilea, imenisomeshea watoto, na imenipa ruhusa ya kutazama nyuso za watu kwa karibu bila kuambiwa nina adabu mbaya. Hilo la mwisho ndilo nalishukuru zaidi.

Nilifundishwa na Mzee Twaha, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Karatu akafungua studio. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Daa niliyemaliza shule, sijui hata kamera inafunguliwa upande gani. Siku ya kwanza sikupewa kamera. Nilipewa sabuni. "Nawa mikono, kausha, halafu uje," alisema. Nilipokuja akanionyesha mkanda wa negative, ile filamu inayozaa picha, akanifundisha kuushika pembeni kwa ncha za vidole. "Binti, picha ya karatasi tukiiharibu tutatoa nyingine. Hii ukiiwekea kidole, mtu wa watu umemharibu moja kwa moja." Basi nilikuwa nanawa mikono kama daktari. Dada zangu walinicheka kwamba nimepata kazi ya kunawa.

Kompyuta zilipoingia, Mzee Twaha alikuwa ameshaachia kazi, anakuja tu kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kunywa kahawa. Nikataka kumringia. Nikamfungulia picha ya bwana harusi mmoja, nikaipunguza giza, nikaikata pembeni, nikaondoa kichwa cha mtu aliyepita nyuma, nikabonyeza kusevu. Nikamgeukia nikisubiri sifa.

"Maashallah, imependeza," akasema. "Na ile ya kwanza iko wapi?"

"Ndiyo hii mzee, nimeirekebisha."

"Hii nimeiona. Nauliza ile ya kwanza."

Nikaitafuta kwenye kompyuta, haikuwepo tena. Akachukua kikombe chake. "Basi mama, wewe umefuta negative ukachora nyingine juu yake. Na kunawa kote kule!"

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mungu amrehemu. Hakuwahi kushika kipanya maishani mwake, lakini swali lile ndilo lililonipa heshima katika kazi hii.

Tangu siku hiyo nikaanzisha sehemu kwenye kompyuta nikaiita Mbegu. Sisi ni wakulima, mtanielewa. Nyumbani kwetu mahindi ya mbegu yalikaa darini, juu ya moshi wa jiko, na hata mwaka wa njaa mama alikuwa anaturukia kwa fimbo tukiyanyooshea mkono. Watu wa Mang'ola nao wana vitunguu wanavyovichagua kwa ajili ya mbegu, wala huwezi kumshawishi mtu avipeleke sokoni. Picha ikifika kwangu, kabla sijaifungua, naiingiza Mbegu, na nakala nyingine naiweka kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani. Halafu nachukua nakala, hiyo ndiyo naikata, naing'arisha, naifanya nitakavyo. Mbegu hailiwi.

Sasa mtaniuliza, kwani kusevu kuna ubaya gani? Nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi. Picha nyingi mnazopokea ni za fomati ya JPEG. Huyu JPEG ni bahili. Kila ukimsevu anapunguza mzigo: anatafuta vitu vidogo vidogo anavyodhani hutaviona, anavitupa, ili faili liwe jepesi. Mara ya kwanza huoni kitu. Ukirekebisha tena ukasevu, anatupa tena. Ukiendelea hivyo, mwisho anabaki mtu asiye na vinyweleo wala makunyanzi wala kope. Kumbuka pia kwamba kufungua picha ukaitazama ukaifunga hakuipunguzi. Kunakili faili kutoka hapa kwenda pale hakuipunguzi. Ni kule kurekebisha na kusevu juu yake. Kwa hiyo kazi ikiwa bado inaendelea, isevu katika fomati ya programu yenyewe, ile inayotunza tabaka zote, upate kurudi kesho ukaendelea. Ukimaliza kabisa ndipo utoe JPEG ya mteja, mara moja, na ule mstari wa ubora uusukume mpaka juu. Nembo na maandishi usiyapeleke JPEG, yatatoka na uchafu pembeni kama mtu aliyekula ugali gizani. Hayo yapeleke PNG, fomati isiyotupa kitu.

Na usikuze picha ndogo ukategemea miujiza. Alikuja kwangu dereva mmoja wa watalii akataka simba kwenye mlango wa gari lake la safari. Picha yenyewe aliitoa mtandaoni, ndogo hata haijai kiganja.

"Ikuze tu mama, si kompyuta inajua?"

"Inajua nini? Imewahi kufika kreta ya Ngorongoro?"

Akashikilia. Nikamkuzia, nikamtolea kwenye karatasi ya majaribio. Aliitazama, akageuza kichwa upande huu na upande ule. "Mama, wageni watasema ni mganda wa ngano." Wiki iliyofuata akashuka Ngorongoro na kamera ya kuazima, akampata simba amelala barabarani, akaniletea kadi yenyewe ya kamera, siyo picha ya kutumwa. Simba yule yuko barabarani mpaka leo, na kila akipita dereva ananipigia honi. Kwa honi zile mimi najiona tajiri.

Lakini kama nitachagua kazi moja ya kuwasimulia, ni ya Mama Basilisa.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka yangu ya kazi. Asubuhi aliingia Mzee Boay, mkulima wa Ganako niliyemfahamu kwa miaka, kwa maana watoto wake wote niliwapiga picha za kipaimara. Mkewe Basilisa alikuwa amefariki, mazishi ni kesho yake. Nilijua habari za msiba, nikampa pole, nikamvutia kiti. Akatoa flashi kwenye mfuko wa koti.

"Naomba unitolee picha kubwa ya mama yenu, ya kutangulia mbele ya jeneza. Hii wametengeneza vijana huko mjini, ila mimi siielewi."

Nikaifungua. Nikaona mwanamke mzuri, ngozi laini, shavu linang'aa. Nyuma yake wameweka maua na mishumaa. Niliitazama, nikamtazama mzee.

"Huyu ni nani?" akaniuliza yeye.

Mama Basilisa alikuwa Mdatoga, mzaliwa wa kule chini karibu na Ziwa Eyasi. Alipokuwa msichana alichanjwa alama za kwao, nukta ndogo ndogo zinazozunguka macho yote mawili, duara juu ya duara. Ukikutana naye sokoni ndizo unazoziona kwanza, na akicheka zilikuwa zinasogea zote pamoja. Katika picha ile hazikuwepo. Hata moja.

Nilijua kilichotokea kabla sijaambiwa. Mtu alipiga picha kwa simu, akaituma kwa watsapu. Watsapu ikaibana. Mkwe akaipiga skrini shoti, akairusha kwenye kundi la familia. Mwingine akaichukua huko, akaiwekea maua, akasevu. Ikafika stesheni, kijana akaikata, akasevu. Kufikia hapo zile nukta zilikuwa zimebaki madoa ya kijivu, na kijana wa watu, kwa nia njema kabisa, akaona marehemu ana madoa, akachukua kile kifaa cha kulainisha ngozi akampaka poda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alichukua kidogo tu.

"Mama Sesilia," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa chini, "kesho mdogo wake anakuja, na watu wao. Tangu nimemwoa hawajawahi kukanyaga kwangu. Walisema sisi Wairaqw tumemchukua binti yao. Sasa wakija wakaona hii, si watasema hata uso wake tuliuchukua?"

Ndugu zangu, nimetengeneza picha za mawaziri wakitembelea Karatu. Nimetengeneza mabango ya hoteli kubwa. Hakuna iliyonitia hofu kama ile.

Hapo nataka mjifunze jambo moja la ufundi. Mteja akileta picha iliyochoka, msikimbilie kuinoa na kuing'arisha. Kilichotupwa hakirudi. Ukiinoa unanoa ukungu, na ukimchorea mtu alama kwa kubahatisha unamtukana. Swali la kwanza ni moja: nani alipiga?

"Nani alipiga hii picha, mzee?"

Akafikiri. "Nguo hii alivaa alipokwenda Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu. Itakuwa Pendo. Binti wa mdogo wake. Huyo peke yake ndiye alikuwa anatutembelea."

Tukampigia. Pendo analima vitunguu na kuuza, nyuma yake nilisikia watu wakihesabu magunia kwa kelele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba. Ile picha ya mama yako mkubwa akiwa shambani, bado unayo kwenye simu?"

"Ninayo. Sijaifuta hata siku moja. Nakurushia sasa hivi."

"Usirushe! Ngoja kwanza." Nilipiga kelele mpaka Mzee Boay akashtuka. Nikamwelekeza aitume kama dokumenti, siyo kama picha, maana ikienda kama dokumenti haibanwi. Akajaribu. Tukasubiri. Mtandao wa bondeni siku ile uligoma, kile kiduara kinazunguka tu hakifiki. Akajaribu akiwa amepanda juu ya magunia, ikakataa. Akatembea mpaka kwenye mwinuko, ikakataa. Ile ya kubanwa ilipita mara moja, akairusha ili nione kama itafaa. Nikaikuza kwenye kioo. Nukta zilikuwa zinaonekana kwa mbali, ila kwa picha ya ukubwa ule zingetoka kama vumbi usoni. Nikamwambia hapana.

Nikamsikia akimwita mtu.

"Mama, kuna lori la vitunguu linapanda Karatu sasa hivi. Dereva namwamini. Nampa simu yenyewe."

"Simu yako? Na biashara?" Vijana, ilikuwa msimu. Wateja wake wa Arusha na wa Dar, bei, pesa ya mtandao, vyote vilikuwa ndani ya ile simu.

"Vitunguu nitauza kesho kutwa," akasema. "Mama mkubwa anazikwa kesho." Akanipa na namba ya siri ya kuifungua hapo hapo, akakata.

Lori lilifika alasiri. Dereva, bwana mmoja mcheshi wa Kiislamu anayejulikana na barabara nzima, aliingia ameishika simu kwa mikono miwili kama amebeba yai. "Nimeiweka kifuani njia nzima, mama. Korongo zote zile, sijaishusha." Nilimpa maji ya kunywa, akakataa soda, akasema apewe tu nafasi ya kuiona picha ikifunguka. Simu ilikuwa inanuka vitunguu. Nikanawa mikono, mazoea hayana dawa, nikaiunganisha kwa waya, nikainakili ile picha moja kwenda Mbegu, nikaifungua.

Mungu wangu. Alikuwa amesimama katikati ya matuta, upepo umempeperusha kitambaa, anamcheka mtu aliyekuwa pembeni. Nikakuza jicho la kushoto. Nukta moja baada ya nyingine, kila moja na kivuli chake kidogo, duara la ndani na duara la nje. Ilionekana hata pale ambapo moja ilikuwa imepishana na mwenzake, kama mchanjaji alisita kidogo. Mzee Boay alisimama nyuma yangu ameegemea kiti. Nilisikia pumzi yake. Dereva akasema, "Huyu sasa ni mtu," akatoka kwenda kushusha magunia yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Nakala. Nikaikata nikiacha kitambaa na kipande cha anga. Nikainua mwanga kidogo sana, kwa kuwa jua la shambani lilimtia kivuli upande mmoja. Shavu lilikuwa linang'aa kwa jasho, na mkono wangu ulitaka kulifuta, kwa sababu mkono wa fundi hautulii. Nikauzuia. Alikuwa mtu wa kazi, jasho lilikuwa lake. Nikasevu katika fomati ya programu, nikachapa moja kwa moja kutoka hapo bila kupitia JPEG, kwenye karatasi nzuri niliyokuwa nimeitunza. Mzee aliibeba mwenyewe, hakukubali mtu amshikie.

Kesho yake nilifunga studio nikaenda Ganako. Watu walikuwa wengi, kwaya inaimba, akina mama wako jikoni nyuma ya nyumba. Picha iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mbele ya jeneza. Nilipopata nafasi nilisimama pembeni karibu na akina mama wa jumuiya. Mzee Boay alikaa kwenye benchi na wanawe, macho yako barabarani.

Wakaja. Walishuka kwenye gari moja wote, wanaume na shuka zao, wanawake na mavazi yao ya ngozi yaliyonakshiwa, na Pendo katikati akimshika mkono mama yake. Nilimtambua mama huyo kabla sijaambiwa, kwa kuwa alikuwa na uso wa dada yake na zile nukta kuzunguka macho. Mtu mmoja akamsogezea kiti, hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza.

Akainama, akasogeza uso wake karibu na picha, karibu sana. Akanyoosha kidole, akakiweka pembeni ya jicho la dada yake, akakizungusha polepole akifuata duara, nukta kwa nukta. Alipofika mahali fulani akasimama. Nilijua amefika pale palipopishana. Akapeleka kidole kwenye jicho lake mwenyewe, mahali pale pale, na nikaona kwamba naye nukta yake imepishana.

Akasema kitu kwa lugha yao, huku machozi yakimtoka. Pendo akafuta uso kwanza ndipo akatufasiria.

"Anasema walichanjwa siku moja, na mtu mmoja. Anasema huyu ni dada yake, hamkumbadilisha." Akameza mate. "Anauliza shemeji yake yuko wapi, aje wakae pamoja."

Mzee Boay akainuka kwenye benchi akaja. Yule mama akamtazama, akakaa chini mbele ya meza, akagusa nafasi iliyobaki kando yake. Mzee akakaa, na sisi wengine tukarudi nyuma kuwapisha.